Maua ya mibuni (Bukoba na Muleba)

Maua ya mibuni ni maua meupe ya msimu, yenye harufu inayokaribia ya asumini, yanayochanua katika mashamba ya kahawa ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mengi ni ya robusta, *Coffea canephora*, ambayo Wahaya waliilima tangu kabla ya ukoloni katika kibanja, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni pamoja. Matumba hulala wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mvua ya kwanza ya kutosha huyaamsha, na baada ya takriban wiki moja tawi zima huwa jeupe, kwa siku chache tu. Tofauti na arabika, robusta haijichavushi: kila ua hutegemea chavua ya mbuni mwingine, inayoletwa na upepo na wadudu, hasa nyuki. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha siku hizo ni hasara kwa mkulima, kwani huosha chavua na matunda machache hutunga. Tunda huiva baada ya miezi 9 hadi 11; mavuno ya Kagera huanza Mei.