Bendi na Msimu wa Korosho Nachingwea na Ruangwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mwanamuziki wa kuzunguka ni mtu wa msimu, sawa na mkulima anayemlipa kiingilio. Korosho zikishaokotwa na kuuzwa, gari la bendi huonekana barabarani. Zikiwa bado maua juu ya mikorosho, kumbi hukaa kimya. Tangu zamani maisha ya mwanamuziki huyu yameamuliwa na maswali yasiyohusu muziki hata kidogo: vyombo ni vya nani, njia inapitika lini, na mkulima kapata fedha au bado.

Kabla ya gitaa kufika, safari za muziki zilifuata jando na unyago. Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao wanaokaa kati ya mto Mbwemkuru na mto Lukuledi hadi mpaka wa Ruvuma waliwatoa wali wao baada ya mavuno, chakula kikiwa tele ghalani. Mpiga ngoma hodari alialikwa kutoka kijiji hadi kijiji. Malipo yake yalikuwa kula na kunywa, kitambaa, pengine kuku, na zaidi ya yote jina. Utaratibu huo haujafa. Mpaka leo sherehe ya kumtoa mwali ndiyo mwajiri mkubwa wa wapigaji wa kijijini, nayo hupangwa kwa kuangalia likizo za shule na fedha ya mazao.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilienea beni, ngoma ya matarumbeta, gwaride na vyeo vya kijeshi, yenye vyama viwili vilivyoshindana pwani nzima, Marini na Arinoti. Kusini vita yenyewe ilipita mlangoni: mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 yalipiganwa kando ya njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, na askari na wapagazi waliosalimika walirudi makwao na nyimbo za kambini. Beni iliwafundisha watu jambo ambalo bendi za dansi zililirithi baadaye. Kikundi cha muziki kinaweza kuwa na katibu, mweka hazina, sare na wapenzi katika miji ambayo wanachama wake hawajawahi kuiona.

Mji wa Nachingwea wenyewe ulizaliwa kwa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Msitu ukafyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani, na baadaye bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa. Januari 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umekula pauni zipatazo milioni 36, na reli ya kusini nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hasara hiyo imeandikwa sana. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba kwa mara ya kwanza bara ya Lindi ilipata maelfu ya vijana wanaolipwa mshahara wa mwezi na kuishi mbali na wazee wao. Hadhira ya dansi huanzia hapo, kwa mtu mwenye fedha taslimu mkononi na Jumamosi yake mwenyewe.

Dansi lenyewe lilikuwa tayari linakua mijini. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ya Morogoro pia, mwaka 1948. Neno "jazz" lilikuwa jina la heshima tu. Muziki uliopigwa ulifuata zaidi santuri za Kuba, zilizouzwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Watu wa Lindi walipata wa kujivunia mwaka 1958, Ahmed Kipande alipoanzisha Kilwa Jazz. Bendi ilikaa Dar es Salaam lakini jina lake lilitoka kusini, na kijana wa Ruangwa aliyeisikia redioni hakuhitaji kuelezwa Kilwa ni wapi.

Baada ya Uhuru swali la vyombo likawa zito. Magitaa ya umeme, vikuza sauti na ngoma za kizungu viliagizwa nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Wenye uwezo wa kuvinunua walikuwa mashirika: chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz kuanzia 1964, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi yake, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, na jeshi, polisi na magereza nao hawakubaki nyuma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikawa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara, na wengi walishukuru, kwa sababu mshahara ulikuja hata mvua iliponyesha siku ya onyesho.

Pwani ina mfano wake wa kulielewa jambo hili. Wavuvi wakirudi na samaki, kabla ya nahodha na mabaharia kugawana, chombo hupata fungu lake, maana bila chombo hakuna aliyetoka baharini. Bendi za binafsi zilifuata hesabu hiyohiyo karibu neno kwa neno: fedha za mlangoni zikihesabiwa, fungu la vyombo hutolewa mapema, nalo huenda kwa mwenye vyombo, ambaye mara nyingi hajui hata kukaza uzi wa gitaa. Orchestra Super Matimila, bendi iliyomfanya mwimbaji Remmy Ongala ajulikane hadi Ulaya, ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Na mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwavuta waimbaji Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka na wenzao kutoka Mlimani Park; hapo ilionekana wazi kwamba wanamuziki walifuata palipo na vyombo vizuri na masharti mazuri. Kumlaumu mwanamuziki wa zama hizo kwa kuhamahama ni kumwonea. Hakuwa na kitu chake isipokuwa vidole na sauti.

Roki ilipita njia ngumu zaidi. Vijana wa Dar es Salaam wa mwisho wa miaka ya 1960 walipenda soul na roki, lakini Novemba 1969 mkuu wa mkoa, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul kwa hoja kwamba unaharibu utamaduni wa taifa. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikatokea Sunburst, bendi ya roki ya Kiafrika iliyowaunganisha mpiga gitaa Hembi Flory Kongo kutoka Zaire na mwimbaji James Mpungo. Sunburst hawakuwa na shirika nyuma yao. Walirekodi Redio Tanzania, kisha wakaenda Zambia, ambako bendi kama WITCH na Amanaz zilikuwa zimejenga roki ya nchi nzima kwa kusafiri katika miji ya shaba. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka huko mwaka 1976, na bendi haikudumu. Ilichukua miaka 40 kabla ya kazi yao kutolewa upya Uingereza, na wasikilizaji wengi wa Tanzania walikuwa hawajawahi kuisikia. Roki ilihitaji vikuza sauti vyenye nguvu, umeme wa uhakika na mji wenye vijana wa kulipa kila wiki. Zambia ilikuwa na miji ya migodi. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na mikorosho, na mkorosho hulipa mara moja kwa mwaka.

Ndiyo maana aliyefanikiwa kuzunguka vijijini alikuwa mtu wa dansi. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, alitoka mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, bendi yake mwenyewe. Aliishi kwa safari, na safari ndiyo iliyomchukua: alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Salum Abdallah alikuwa amekufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mji mmoja wa Morogoro ulipoteza magwiji wake wawili barabarani, na mwanamuziki yeyote anayepanda gari la bendi usiku anazijua habari hizo.

Njia ya kusini ilikuwa na adha yake ya pekee. Kutoka Dar es Salaam gari lilishuka hadi Rufiji na kungoja kivuko cha Ndundu. Masika mto ukifurika, mikoa ya Lindi na Mtwara ilikatika na nchi nzima; aliyelazimika kufika alipanda meli, au alizunguka Songea na Tunduru. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa tope kwa miaka mingine. Ukishafika Lindi bado kuna Nanganga, na kutoka Nanganga hadi Ruangwa ni kilometa 53 ambazo kwa muda mrefu zilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Kwa bahati njema, korosho huuzwa kuanzia Oktoba, kabla mvua kubwa hazijashika. Msimu na njia vilipatana, la sivyo bendi zisingekuja kabisa.

Onyesho la kijijini, katika kata kama Chunyu wilayani Ruangwa, lilikuwa na utaratibu uliojulikana na kila mtu. Gari la mizigo liliingia alasiri: spika chini, ngoma katikati, magitaa juu, wanamuziki wamekaa juu ya vyote, nyusi zao nyekundu kwa vumbi. Kitu cha kwanza kushushwa ni jenereta, maana umeme wa gridi haukufika vijijini kwa wingi kabla ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Ilifungwa mbali, nyuma ya jengo, ili mlio wake usiingie kwenye maikrofoni. Spika ya honi ilipandishwa juu ya gari, na mtangazaji akazunguka vitongoji akitaja jina la bendi, saa na kiingilio. Pasipo na ukumbi, uwanja ulizungushiwa turubai, na mlango ukaachwa mmoja tu wenye watu wawili: mmoja wa bendi na mmoja wa mwenyeji, ili hesabu isilete ugomvi.

Saa tatu usiku wapigaji walianza bila waimbaji, vipande vya kupasha moto vyombo na kuwaita walio njiani. Waimbaji wakuu walipanda baadaye. Kila wimbo ulianza taratibu, mashairi yakasikilizwa, kisha ukaingia mchapuko: gitaa la solo likapanda, la pili likalijibu, tumba zikakaza, na uwanja wote ukainuka. Hapo ndipo mkulima aliyeuza korosho juzi alipopita mbele polepole, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso mbele ya kijiji kizima. Kutunza huko kulikuwa sifa kwa pande zote mbili. Alfajiri ikaja hesabu: dizeli, kibali, ukumbi, chakula, fungu la vyombo. Kilichobaki kiligawanywa, na gari likaondoka kwenda kijiji cha pili kabla jua halijawa kali.

Kusini kulikuwa pia na muziki usiotafuta kiingilio. Kuanzia miaka ya 1960 kambi ya mafunzo ya FRELIMO ilikuwa Nachingwea, na wapigania uhuru wa Msumbiji waliimba kwaya na kucheza ngoma za kwao humo kambini. Mei 1975 kiongozi wao, Samora Machel, alianzia safari yake ya ushindi hapo Nachingwea, kuvuka Ruvuma hadi Maputo. Nyimbo za kambi hiyo zilikwenda mbali kuliko za bendi yoyote ya dansi iliyowahi kupita mjini.

Kilichoziangusha safari za bendi za kusini ni korosho zenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Kisha wakulima wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei zikashuka, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bendi inayokula lita nyingi za dizeli haiendi mahali ambapo mkulima hana hata ya chumvi. Salfa na mbegu bora za kituo cha utafiti cha Naliendele viliirudisha mikorosho, na msimu wa 2017/18 ukapita tani 300,000. Fedha ilirudi. Bendi kubwa za magitaa zilikuwa zimepungua.

Aliyerudi na fedha hiyo ni mwanamuziki wa aina nyingine. Msanii wa bongo fleva au singeli huja na dansa wawili na muziki uliorekodiwa ndani ya flashi. Spika hukodishwa papo hapo. Deni la vyombo limemtoka, ingawa lebo sasa inadai fungu ambalo zamani lilikuwa la mwenye magitaa. Harmonize, mzaliwa wa Tandahimba upande wa Mtwara, aliondoka lebo ya WCB mwaka 2019 na kuanzisha lebo yake ya Konde, kama Mbaraka alivyotoka Morogoro Jazz. Kilichopotea ni ile saa ya mchapuko, magitaa mawili yakijibizana mbele ya watu, na hilo ni pengo ambalo flashi haizibi.

Kalenda nayo imerefuka. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza korosho kwa mnada kuanzia Oktoba, na ufuta una minada yake katikati ya mwaka. Malipo hupitia benki, kwa hiyo fedha haifiki kijijini siku ya mnada bali siku kadhaa baadaye. Promota anayetaka kuleta onyesho Ruangwa huanza kwa kupiga simu kwa mtu wa chama cha msingi na kumuuliza kama malipo ya mnada uliopita yameshaingia. Tarehe hupangwa baada ya jibu hilo.