Mwalimu wa Ushauri na Aliyemfundisha

Katika shule za upili za Kenya, ushauri nasaha ulianza kama kazi ya fomu. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo chake cha mwongozo na ushauri mwaka 1971, na sisi tuliokuwa wanafunzi miaka hiyo tulimjua mwalimu mmoja tu wa mambo hayo: yule aliyegawa fomu za kuchagua vyuo na kutueleza ni masomo gani humpeleka mtu kwenye uuguzi na yapi kwenye ualimu. Siidharau kazi ile. Ndiyo iliyonifikisha chuoni. Lakini mtoto asiyelala usiku, au aliyemzika mama Jumamosi akarudi bwenini Jumatatu, hakuwa na fomu yake.

Ripoti ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza huduma ya ushauri shuleni, na ya Kamunge ya mwaka 1988 ikakazia. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni mtu wa kumfundisha mwalimu wa ushauri. Mkuu wa shule aliangaza macho katika chumba cha walimu, akamteua mama mpole au mwalimu wa dini, akamwandikia barua. Mimi niliteuliwa hivyo miaka ya tisini, huku Ukambani, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili na Dini na wasichana walikuwa wamezoea kuja kwangu wakilia. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya michezo, chenye viti viwili na nyavu za voliboli, basi.

Misiba ndiyo iliyoigutusha nchi. Julai 1991 wasichana 19 walikufa katika shule ya St. Kizito, Meru, usiku ambao wavulana wa shule hiyohiyo waliwavamia. Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika shule ya Bombolulu, huko Pwani. Mwaka 1999 viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walichomwa wakiwa wamelala. Halafu ikawa zamu yetu Machakos. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Machi 2001, petroli ilimwagwa katika bweni la shule ya Kyanguli. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walikufa. Siku zile ukipanda matatu kwenda mjini hukukosa kukaa karibu na mtu aliyekuwa akienda matangani.

Jopokazi kuhusu nidhamu na ghasia shuleni, lililoongozwa na Mkurugenzi wa Elimu wa wakati huo, Naomi Wangai, lilitaka ushauri nasaha uimarishwe. Mwaka huohuo wa 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Ila kiti kilichoachwa na kiboko kilikabidhiwa mshauri, na hapo kazi yetu iliingia doa ambalo halijatoka hadi leo. Mwalimu wa nidhamu alikuwa akimtuma mvulana kwangu na kikaratasi kilichoandikwa “ashauriwe”, kisha kijana akitoka kwangu anakwenda kufyeka nyasi. Kwa kijana huyo, chumba changu na kile kiwanja cha nyasi vilikuwa adhabu moja yenye sehemu mbili. Nami, kwa cheo changu, nilikaa katika kamati ya nidhamu iliyoamua nani afukuzwe. Mtoto gani angeniambia kilichomo moyoni?

Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alikaa kimya kwa muda mrefu akiitazama kalamu yangu, kisha akauliza, “Madam, hilo daftari hulala wapi?” Walimu wengi wa ushauri tulikuwa tukiweka madaftari hayo katika droo za chumba cha walimu, maana hatukuwa na kabati wala hakuna aliyetuambia kwamba tunalihitaji. Mtoto alikuwa ameligusa suala la usiri, ambalo vyuo vikuu hulitengea somo zima.

Mafunzo yalikuwepo, ila mbali na madarasa yetu. Amani, kituo cha ushauri cha Nairobi, kilikuwa kikifanya kazi tangu 1979. Chama cha Washauri wa Kitaalamu kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, Wakenya wakasomea shahada ya uzamili hapahapa nyumbani. Kwa mwalimu wa mashambani mwenye karo za watoto, mlango ulifunguka pale vyuo vya umma vilipoanza kutufundisha wakati wa likizo. Wengine walikwenda Egerton, Njoro. Mimi nilikwenda Kenyatta, Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa nafungasha godoro.

Nadharia za mwanasaikolojia Carl Rogers nilizipenda, lakini kilichonibadilisha ni usimamizi. Nilimsikiliza mteja huku msimamizi ameketi pembeni na karatasi yake. Mteja akishatoka, maswali yalianza. Mbona ulimpa jibu kabla hajamaliza? Alipomtaja baba yake, wewe ulikimbilia wapi? Nilikuwa nimekwisha kutoa mawaidha kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza maswali kama hayo. Mwalimu wa hisabati hukaguliwa darasani. Mwalimu wa ushauri alikuwa akifunga mlango, na lolote lililotokea mle ndani, zuri au baya, lilibaki mle.

Baadaye shule yetu ikaanza kupokea wanafunzi wa saikolojia waliokuja kwa mafunzo ya vitendo. Nakumbuka kijana mmoja aliyekataa kutumia chumba changu kwa sababu dirisha lake lilitazamana na ofisi ya mkuu. Alibeba viti viwili hadi chini ya mwarobaini, ng'ambo ya uwanja, mahali ambapo kila mtu anawaona na hakuna anayewasikia. Hakusahihisha mitihani ya mtu, hakukaa katika kamati yoyote. Haukupita muda, wavulana wa Kidato cha Nne, wale wagumu, wakaanza kupanga zamu. Ijumaa alasiri mhadhiri wake alikuja, tukaketi watatu, kila mmoja akieleza kesi zake bila majina. Katika barua ya makubaliano baina ya chuo na shule mimi sikutajwa popote, lakini yule mhadhiri alinisimamia kama alivyomsimamia mwanafunzi wake. Kwangu mimi, huo ndio ushirikiano wenyewe.

Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, na taaluma ikapata utaratibu wa usajili. Kisha vijana wakaja na wazo ambalo wengi wa rika langu tulilitilia shaka. Tom Osborn, Mkenya aliyesomea Harvard, pamoja na watafiti wenzake, akiwemo Christine Wasanga wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walitumia vijana waliomaliza shule ya upili karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi, kikao kimoja kwa wiki kwa wiki nne. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusisha wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliohudhuria vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Shaka yangu iliondoka nilipoona kwamba vijana wale hawakuachwa peke yao: walifunzwa, walikuwa na wasimamizi, na mtoto aliye katika hatari alipelekwa kwa mtaalamu. Kijana wa miaka ishirini mwenye msimamizi anaweza kumfaa mtoto kuliko mwalimu mkongwe asiye naye.

Shule niliyostaafia bado hupokea wanafunzi wa chuo kikuu. Aliyechukua nafasi yangu amesoma kuliko nilivyosoma, na ana kabati lenye kufuli. Lakini ratiba yake imejaa, na mhadhiri anapofika Ijumaa alasiri, yeye yuko darasani akifundisha. Makubaliano mapya na chuo yatakapoandikwa, naomba jina la cheo chake liwemo, na mkuu amwondolee vile vipindi viwili vya Ijumaa.