Swali Ambalo Sensa Yetu Haiulizi

Agosti 23, 2022 Tanzania ilihesabu watu wake. Makarani wa sensa walipita kaya kwa kaya na vishikwambi mkononi, wakamhoji mkuu wa kaya juu ya kila aliyelala pale usiku wa kuamkia siku hiyo: umri wake, elimu yake, ulemavu alio nao. Wakauliza sakafu ni ya nini, paa limeezekwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani. Mwisho wa kazi tukatangaziwa kuwa tuko 61,741,120. Katika maswali yote hayo hapakuwa na la kabila wala la dini. Mara ya mwisho sensa kumuuliza Mtanzania hayo mawili ilikuwa mwaka 1967.

Kenya iliyohesabu watu wake Agosti 2019 ina desturi tofauti. Huko kabila huulizwa waziwazi na majibu huchapishwa: Wakikuyu milioni 8.1, Waluhya milioni 6.8, Wakalenjin milioni 6.4, Waluo milioni 5.1, na kuendelea hadi jamii zenye watu mia chache. Mtanzania akilisoma jedwali lile humjia wasiwasi, kana kwamba mtu ametaja hadharani jambo la chumbani. Mkenya naye humshangaa jirani asiyejua nchini mwake kuna Wasukuma wangapi. Mimi ni wa upande wa wasioulizwa, na nimelelewa kuamini kwamba huo ndio ustaarabu. Bado naamini hivyo. Lakini nikiuweka ukimya wetu kando ya desturi za wengine, naona umetufanyia kazi mbili, na moja kati ya hizo hatukuutuma.

Tuanze na ile tuliyoutuma. Umoja wa Tanzania haukurithiwa, ulijengwa, tena kwa mkono mzito mara nyingine. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa. Mwaka huohuo likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, ambako vijana wa kila pembe walikula chungu kimoja. Mwanafunzi wa Bukoba alipangiwa sekondari kusini, mwalimu wa Songea akapelekwa Musoma, na wote wakaelewana kwa Kiswahili, lugha isiyokuwa ya kabila lolote kubwa. Bahati nayo ilikuwepo: katika makabila zaidi ya 120, hakuna lenye ukubwa wa kuyameza mengine.

Hata hivyo kabila halikufa. Nenda kwenye msiba wa Wachaga, umwone mtani wao Mpare akijitupa mbele ya jeneza na kuapa kwamba maiti haipiti mpaka alipwe deni la marehemu. Wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka, mtu anatoa noti, safari ya makaburini inaendelea. Tulichofanya ni kulihamisha kabila kutoka kwenye dodoso la serikali na kulipeleka kwenye utani, na huko limepata heshima yake bila kugombea madaraka.

Ni rahisi basi kuidharau njia ya Kenya, na kufanya hivyo ni kukosea. Wamakonde waliofika Kwale enzi za ukoloni kufanya kazi mashambani, wengi wao wakitokea Msumbiji, waliishi kwa miongo bila uraia. Mwaka 2016 walianza safari ya miguu kutoka pwani kwenda Nairobi kudai kutambuliwa, na mwaka uliofuata serikali ikawatangaza kuwa kabila la 43 la Kenya. Kwetu Mmakonde wa Mtwara ni Mtanzania bila namba yoyote. Kwa wenzake wa Kwale, kuwa na namba ndiko kulikoufungua mlango wa kitambulisho, shule na ardhi. Hesabu huwa pia silaha ya mnyonge. Sheria ya utangamano ya Kenya ya mwaka 2008 inazuia taasisi ya umma kujaza zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na sharti la namna hiyo haliwezi kusimamiwa pasipo takwimu. Raia wa Tanzania anayehisi kwamba watu wake wameachwa nyuma hana jedwali la kumsaidia kuthibitisha, wala la kumwonyesha kwamba anajidanganya.

Ila jedwali lilelile la Kenya ndilo analolikunjua mwanasiasa kabla ya uchaguzi, akajumlisha kabila na kabila mpaka apate nusu ya kura. Sensa haikuwaua watu zaidi ya 1,100 waliokufa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ardhi, ahadi zilizovunjwa na kura zilizotiliwa shaka zilikuwa na sehemu kubwa zaidi. Lakini katika nchi ambayo kila mtu anajua hesabu ya kila kabila, aliyeshindwa huona kwamba jamaa zake wote wameshindwa pamoja naye.

Mfano wa tatu uko ng'ambo ya bahari yetu, na unafanana nasi kuliko jirani. Vijana wa Indonesia walipokutana mwaka 1928 kula kiapo cha taifa moja, walichagua lugha iliyotokana na Kimalay, lugha ya biashara ya bandarini, wakaiacha ile ya Wajava ambao ndio kabila kubwa zaidi. Baada ya uhuru nao hawakuuliza kabila: swali lililokuwemo katika sensa ya Waholanzi ya 1930 halikurudi hadi mwaka 2000. Na kama kwetu, ukimya huo ulikuwa na walinzi. Chini ya Suharto, aliyetawala kwa miongo mitatu, masuala ya kabila, dini, rangi na matabaka yalipigwa marufuku kujadiliwa hadharani, na Waindonesia wenye asili ya China wakazuiwa kusherehekea sikukuu zao mbele za watu.

Tofauti ni mbili. Ya kwanza inatuumiza: wao waliipeleka lugha yao ya taifa mpaka chuo kikuu, ilhali sisi tunamfundisha mtoto kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza tunambadilishia lugha hata anayejua jibu akabaki kimya. Ya pili inawahusu wao: ukimya wao ulivunjika vibaya. Suharto alipoanguka mwaka 1998 maduka ya Wachina yalichomwa, na mwaka uliofuata Ambon ikaingia katika vita vya Wakristo na Waislamu. Wengi walitabiri kwamba visiwa vile vitasambaratika. Havikusambaratika. Sensa ya 2000 ikauliza kabila, Wajava wakaonekana kuwa takriban wanne kati ya kila kumi, na mbingu hazikuanguka. Marufuku ya sherehe za Kichina yakaondolewa, katiba ikarekebishwa mara nne kati ya 1999 na 2002, na mwaka 2005 vita vya kujitenga vya Aceh vikaisha kwa mkataba. Papua bado ni kidonda, lakini leo kidonda hicho kinatajwa kwa jina.

Sasa nirudi kwenye ile kazi ya pili. Desturi ya kutouliza kabila ilivuka mipaka yake, ikawa desturi ya kutouliza mambo mengine. Si kwamba hatujui kuuliza. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima, ikakuta takriban wananchi wanane kati ya kumi wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi ili wale wachache nao wapate nafasi. Ni nchi chache zilizowahi kuwaheshimu wachache kiasi hicho. Lakini Tume ya Jaji Warioba ya mabadiliko ya katiba ilipowasikiliza watu na kupendekeza Muungano wa serikali tatu, Bunge Maalumu la 2014 liliweka pendekezo hilo kando, na kura ya maoni juu ya katiba mpya iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa. Tunaendelea na Katiba ya 1977, iliyoandikwa wakati wa chama kimoja. Ibara yake ya 41 inaizuia mahakama yoyote kuchunguza ushindi wa mgombea urais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi. Mahakama ya Afrika, iliyo hapo Arusha, ilisema mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka haki. Kikabaki.

Matokeo tuliyaona Oktoba 29, 2025. Uchaguzi ulifanyika chama kikuu cha upinzani kikiwa nje na mwenyekiti wake mahabusu kwa kesi ya uhaini. Vijana wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakauawa. Nchi iliyoweza kuhesabu paa na choo cha kila kaya ikapita wiki baada ya wiki bila hesabu ya wafu inayokubaliwa na wote.

Wenzetu nao wamemwaga damu. Juni 2024 vijana wa Kenya walipigwa risasi mbele ya Bunge kabla rais hajakataa kuusaini muswada wa fedha waliokuwa wakiupinga. Lakini Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi wa rais aliye madarakani. Mwaka 2024 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliyakataa malalamiko ya walioshindwa urais, ila iliyasikiliza kwanza, na majaji watatu kati ya wanane wakaandika kwamba hawakubaliani na wenzao. Jibu liliwaudhi wengi, lakini swali lilipata mahali pa kuulizwa.

Mbele ya mifano hii mitatu siwezi kumshauri Mkenya aache kuhesabu makabila, kwa kuwa Mmakonde wa Kwale atauliza haki yake iandikwe wapi. Wala sioni sababu ya Tanzania kulirudisha swali la kabila kwenye sensa, ingawa natambua kwamba wapo wenye kiu ya kuhesabiwa. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waliisusia sensa kwa kukosa swali la dini, na hoja yao ilistahili kusikilizwa kuliko ilivyosikilizwa. Ninachokiona ni tofauti ya aina mbili za ukimya. Kutouliza kabila ni jambo ambalo wananchi wamelipokea na kulifanya lao, hata likazaa utani. Kuizuia mahakama isiulize kura zilihesabiwaje ni amri ya wenye madaraka, iliyojivika vazi la umoja uleule. Mjadala wa Katiba ukirudi, ningeanzia kwenye ibara ya 41, kabla hata ya idadi ya serikali, maana aliyeshindwa akiwa na mahakama ya kwenda hana haja ya kwenda barabarani.