Mvumo wa Redio: Kazi ya Fundi Sauti Kutoka Namfua Hadi Majukwaa ya Gemu

Fundi sauti wa mashindano ya gemu za kompyuta ndiye anayeamua nani asikie nini. Mchezaji husikia gemu na wenzake wa timu tu. Mtangazaji husikia kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe, kwa sababu ikimrudia kwa kuchelewa hata kidogo, ulimi wake hukwama. Mtazamaji wa nyumbani hupata gemu, mtangazaji na shangwe za ukumbi, kila kimoja kwa kipimo chake. Ufundi huu umekomaa Korea Kusini na Ulaya, lakini kwa msikilizaji wa Singida si mgeni: ni ndugu wa kazi ya fundi mitambo wa redio.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo shabiki wa Manyoni au Kiomboi aliijua mechi kwa sikio peke yake. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walijulikana nchi nzima. Fundi aliyekaa nyuma yao hakutajwa, ingawa ndiye aliyepima kelele za uwanja: zikizidi, jina la mfungaji linamezwa, zikipungua, uwanja uliofurika unasikika kama chumba kitupu. Anastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya utangazaji kuliko aliyopewa.

Masafa mafupi yalifika mbali, lakini yalikuja na mvumo na mikwaruzo. Jioni redio ya betri iligeuzwa huku na huku, na waya wa antena ukafungwa mtini, ili sauti ya mtu itoke ndani ya ule mvumo. Kwa fundi wa zama hizo, mvumo ulikuwa adui namba moja.

Mjini Singida kuna adui mwingine. Mji uko kwenye uwanda wa juu, kama meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake ni mkali kiasi kwamba mkoa umepangiwa miradi ya kufua umeme kwa upepo. Upepo ukipiga maikrofoni iliyo wazi hutoa ngurumo inayofunika kila kitu. Dawa yake ni kuivalisha sponji au kofia ya manyoya, kisha kupunguza sauti nzito za chini kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Singida United ilipocheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, uwanja wa Namfua, ambao baadaye uliitwa LITI, ukawa mahali pa kazi kwa mafundi wa namna hii.

Wakati huo upande wa gemu ulikuwa umeshapiga hatua. Gemu ya kompyuta ya StarCraft ilitoka mwaka 1998, na mwaka 2000 Korea Kusini ikapata Ongamenet, chaneli ya televisheni ya gemu. Fainali ya StarCraft ya mwaka 2004 kwenye ufukwe wa Gwangalli, Busan, inakadiriwa kuwa na watazamaji 100,000. Hapo tatizo lililokuwa dogo katika mpira likawa kubwa. Mtazamaji wa gemu huona pande zote mbili, mchezaji huona upande wake tu. Umati ukipiga ukelele adui anaponyemelea, umeshatoa siri. Katika Counter-Strike, gemu ya kurushiana risasi, hali ni nyeti zaidi, maana mchezaji hutambua adui alipo kwa mlio wa hatua zake. Kelele za mashabiki zikawa suala la haki ya mchezo.

Suluhisho la kwanza lilikuwa vibanda vya vioo visivyopitisha sauti. Vilisaidia, ila ni vizito, vina joto, na humtenga mchezaji na mashabiki wake. Katika mashindano mengi ya Counter-Strike, kama yale yaliyofanyika katika ukumbi wa Spodek mjini Katowice, Polandi, wachezaji hukaa jukwaani wazi. Sauti ya gemu hupitia visikilizio vidogo vya kupachika sikioni. Juu yake huvaliwa hedifoni nzito, na ndani ya hedifoni hizo fundi humimina mvumo mfululizo, unaofanana na wa redio iliyotoka kwenye stesheni. Kitu ambacho fundi wa RTD alihangaika kukiondoa, fundi wa gemu hukiweka kwa makusudi ili kifunike sauti za umati. Gharama yake ipo: mchezaji huongeza sauti ya gemu ili ishinde mvumo, na masikio huumia.

Afrika Mashariki imejulikana zaidi kwa gemu za kupigana na za mpira. Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018. Katika banda la gemu la mtaani, wachezaji wawili hushika pedi mbele ya televisheni moja, spika ni ile ya televisheni, na hakuna siri ya kulinda kwa sababu wote huona kioo kimoja. Fundi huanza kuhitajika pale kila mchezaji anapopewa kioo chake, mtangazaji maiki yake na watazamaji matangazo yao. Meza ya kuchanganyia, nyaya na spika za kuanzia ni zile zile zinazofungwa kwenye harusi na mikutano ya injili. Kinachoongezeka ni njia tofauti ya sauti kwa kila sikio.