Mtaa wa 14 na Dele la Mama

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike habari ya kale. Nami nimechagua mtaa mmoja wa hapa Johannesburg ambao wengi wetu hupita karibu yake bila kuujua, nao ni Mtaa wa 14, Pageview, kitongoji ambacho wenyewe hukiita Fietas.

Kilichonipeleka huko ni dele la kahawa la marehemu mama, lile la shaba alilokuja nalo kutoka Mombasa. Baada ya hitima vijana walisema liuzwe. Mmoja wao alikuwa ameliona la namna hiyo katika duka la vitu vya kale, na bei yake ilimpendeza. Sikumkatalia. Nilimwambia mjukuu wangu wa kike, "Twende kwanza mahali, kisha tutaamua."

Mji huu ulianza mwaka 1886, dhahabu ilipoonekana. Kabla ya karne ile kwisha, serikali ya Rais Kruger ilitenga mahali palipoitwa Malay Location. Wakakaa hapo Wamalay kutoka Rasi, Wahindi, machotara na Waafrika. Jina la Pageview lilikuja katika miaka ya 1940. Vrededorp, kitongoji cha jirani, ndiko alikozaliwa mwandishi Peter Abrahams mwaka 1919, naye amesimulia utoto wake katika kitabu chake Tell Freedom cha mwaka 1954.

Mtaa wa 14 ulikuwa moyo wa biashara. Duka chini, nyumba juu. Baba akiuza, mama akipika orofani, watoto wakishuka ngazi kuja kusaidia. Watu wa kila rangi walikuja kununua nguo na viatu, kwani hapo bei haikuwa amri, bali mazungumzo.

Mwaka 1950 ilipitishwa Sheria ya Maeneo ya Makundi, na mwaka 1956 Pageview ikatangazwa kuwa ya Wazungu. Waafrika waliondolewa, na Wahindi wakapelekwa Lenasia, yapata kilomita 30 kusini-magharibi. Wenye maduka walishikilia mpaka miaka ya 1970, serikali ilipowajengea Oriental Plaza huko Fordsburg na kuwahamishia humo. Wengi walilalamika kwamba kodi ni kubwa na wateja wa zamani wamepotea. Tingatinga zikabomoa mtaa. Familia chache zilikataa kuondoka, na msikiti wa Mtaa wa 23 umesimama mpaka leo.

Tusidhani kwamba hayo yalikuwa ya wengine tu. Huko Durban wako watu waitwao Wazanzibari, wazao wa watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza na kuletwa huko kuanzia mwaka 1873, wengi wao Wamakua. Katika miaka ya 1960 sheria hiyo hiyo iliwaondoa King's Rest na kuwapeleka Chatsworth, wakihesabiwa kuwa Waasia.

Basi tulifika. Mahali pengi palipokuwa na maduka hapaonyeshi kitu. Lakini katika moja ya nyumba chache za zamani zilizosalia limo jumba dogo la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2013. Tukatazama picha za jamaa na vitu vya siku zile. Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Babu, hivi vinauzwa?"

"La," nikamjibu. "Hapa watu huja kuambiwa vilikuwa vya nani."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na dele la bibi mkuu, alilinunua nani? Au alipewa siku ya harusi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Mama aliishi nami miaka mingi, akinimiminia kahawa kwa dele lile, wala sikumwuliza hata siku moja.

Tulikwenda Fordsburg kula. Tulianza na sambusa za moto pale Plaza, kisha tukanunua zile koesister za Kimalay: donge la unga lenye viungo, limekaangwa, likatiwa shira na kunyunyiziwa nazi. Mjukuu alipoonja tu akasema, "Hizi ni ndugu wa kaimati!" Nikacheka, nikafahamu jambo. Mapishi yalinusurika kwa sababu yalikuwa mikononi mwa akina mama, na kila mama alimfundisha bintiye. Vitu havina mikono wala ulimi. Kikipotea anayejua habari yake, chombo cha jamaa huwa bidhaa kama bidhaa nyingine, hata kikiwa bado rafuni petu.

Dele halikuuzwa. Mjukuu wangu ameandika kikaratasi na kukitia ndani: jina la mama, mji aliotoka, na watu aliowanywesha kahawa. Mstari wa mwanzo, wa nani alilinunua na lini, ameuacha wazi. Kama yuko shangazi au mjomba anayesoma haya naye ajua, namwomba aniandikie.

Nanyi nyote, kabla ya kitabu cha mwakani, waulizeni wazee habari za makasha, mikeka na sinia zilizomo majumbani, mkaziandike. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.