Misumari Nje, Ngozi Laini Ndani

Marcus Terentius Varro alikuwa akiukaribia umri wa miaka 80 alipoandika kitabu chake cha kilimo na ufugaji, mwaka 37 kabla ya Kristo. Alipofika kwa mbwa walinda mifugo, mzee huyo wa Kirumi alieleza jinsi ya kuwavisha mkanda wa shingoni. Ukatwe katika ngozi ngumu, alisema, na upigwe misumari yenye vichwa, ncha zikitazama nje. Mbwa mwitu akimrukia mbwa shingoni, atajichoma mwenyewe, na akishaonja uchungu huo mara moja atawakwepa hata mbwa ambao hawajavaa kitu. Kisha Varro akaongeza agizo jingine: chini ya vichwa vya misumari ishonwe ngozi laini, chuma kisije kikaichubua shingo ya mvaaji.

Agizo hilo la pili ndilo linalostahili kukumbukwa zaidi. Katika makumbusho, mikanda ya mbwa huonyeshwa upande wa nje: nakshi, majina, nembo za koo, njumu zinazong'aa. Upande wa nje husema mwenye mbwa alikuwa nani. Ukitaka kujua mbwa mwenyewe alihesabiwa kuwa nini, ugeuze mkanda, utazame upande ulioigusa ngozi yake.

Kwamba binadamu amemfunga mbwa shingoni tangu zamani sana halina ubishi. Katika miamba ya Shuwaymis na Jubbah, kaskazini magharibi mwa Saudi Arabia, kuna michoro ya wawindaji wenye pinde wakizungukwa na makundi ya mbwa. Baadhi ya mbwa hao wameunganishwa na mwindaji kwa mstari unaotoka shingoni mwao hadi kiunoni mwake. Watafiti walioichapisha michoro hiyo mwaka 2017, wakiongozwa na Maria Guagnin, waliikadiria kuwa ya miaka 8,000 hivi au zaidi. Mkono wa mwindaji ulihitaji kuwa huru kwa ajili ya upinde. Kamba ikahamia kiunoni.

Mikanda ya namna hiyo imeoza zamani. Baadhi ya ile ya kale iliyosalia inatoka Misri, ambako kaburi kavu huhifadhi hata ngozi. Machi 1899, Mfaransa Victor Loret alifungua kaburi dogo katika Bonde la Wafalme, ambalo leo huitwa KV36. Alikuwamo Maiherpri, mbeba upepeo mkono wa kuume wa mfalme, kijana aliyekufa akiwa bado katika miaka ya ishirini. Katika mafunjo aliyozikwa nayo amechorwa akiwa na ngozi nyeusi kuliko Wamisri wenzake, na wanahistoria wengi humhesabu kuwa mwenye asili ya Nubia. Hakuwa mfalme, lakini alilazwa kati ya wafalme. Pamoja na podo na mishale yake ilikuwamo mikanda miwili ya mbwa, yenye zaidi ya miaka 3,300. Mmoja umepambwa kwa farasi, maua ya yungiyungi na njumu za shaba. Mwingine una picha za wanyama wa mawindo. Mmojawapo umeandikwa jina la mbwa, Tantanuit.

Ni mikanda mipana, tena ya ngozi. Hilo si pambo tu. Mbwa wa kukimbiza swala, wenye miguu mirefu na kifua kirefu, wana kichwa chembamba ambacho hakiizidi sana shingo kwa unene. Mkanda mwembamba huwakata pale wanapovuta, na usipobana huwavuka masikio na kuwaacha huru. Mkanda mpana husambaza mvuto. Hadi leo mbwa wa jamii ya saluki na greyhound huvishwa mkanda mpana kwa sababu hiyohiyo.

Kusini zaidi barani Afrika, katika nyika na misitu ya Kongo, swali lilikuwa tofauti kabisa. Mbwa wadogo wa huko, ambao ulimwengu umekuja kuwaita basenji, hawabweki kama mbwa wengine. Mbwa asiyebweka akizama vichakani, mwindaji atamfuataje? Jibu lilikuwa kengele ya mti iliyochongwa uwazi ndani na kufungwa shingoni. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyesafiri kati ya 1868 na 1871 na kufika kwa Wazande, aliwaona mbwa hao na kengele zao, na akaandika kwamba zilivaliwa ili mbwa wasipotee katika majani marefu. Wawindaji wa msitu wa Ituri pia wamezitumia. Mbwa wa namna hii mara nyingi hana zaidi ya kilo 11. Mti uliochongwa ukawa mwembamba ulimfaa kuliko chuma. Mchongaji wake hakuacha kitabu kama Varro, lakini aliifikiria shingo vilevile.

Wapo pia waliofungwa bila kufikiriwa. Mwaka 1874, wachimbuaji wa Pompeii walimimina plasta katika uwazi uliokuwa umeachwa na mwili ndani ya jivu lililoganda, katika nyumba ya Vesonius Primus. Ilitoka sura ya mbwa aliyejikunja, miguu juu, mkanda ukiwa bado shingoni. Volkano ya Vesuvio ilipolipuka mwaka 79, wenye nyumba waliondoka naye akabaki na mnyororo. Mkanda ule ulikuwa imara, na kwake uimara huo ulikuwa kifo. Usalama wa mkanda hupimwa pia kwa jinsi unavyofunguka.

Barani Ulaya misumari ya Varro haikusahaulika. Katika ngome ya Leeds, mkoani Kent nchini Uingereza, upo mkusanyiko wa mikanda zaidi ya 100 iliyovaliwa katika karne tano. Wa kale zaidi ni wa chuma, ulitengenezwa Hispania mwishoni mwa karne ya 15 kwa ajili ya mbwa mkubwa wa kulinda mifugo. Huko Anatolia, mbwa wa Kangal bado huvishwa mkanda wa miiba ya chuma. Karne za baadaye zilileta mahameli na nembo za watawala, na Uingereza ikaingiza mikanda ya shaba yenye kufuli na jina la mwenye mbwa. Mshairi Alexander Pope alimpa mwana wa mfalme, Frederick, mbwa mwenye mkanda uliochorwa shairi la mistari miwili lililomlenga yeyote atakayeinama kulisoma. Mikanda hiyo inapendeza machoni. Shaba ngumu juu ya shingo inayogeuka mchana kutwa haipendezi.

Geuzo baya zaidi lilikuja na mafunzo ya mbwa wa polisi na wa vita. Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani, alichapisha mwongozo wake mwaka 1910, na ndani yake mkanda wenye ncha ni chombo cha kumlazimisha mbwa atii. Ncha zile sasa zinatazama ndani. Kitu kilichobuniwa kumkinga mbwa dhidi ya meno kiligeuzwa kuwa meno, na mnyororo wa kukaba ukaenea mpaka kwa watu waliotaka tu mbwa wao atembee bila kuvuta. Kurudi nyuma kumechukua muda mrefu. Wales ilipiga marufuku mikanda ya umeme mwaka 2010. Mwaka 2006, utafiti uliochapishwa nchini Marekani ulionyesha kwamba mbwa akivuta dhidi ya mkanda wa shingoni, presha ndani ya macho yake hupanda. Akivuta kwa mikanda ya kifuani, haipandi hivyo. Kwa mbwa mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye koo jembamba, hiyo ni sababu tosha ya kuhamishia kamba kifuani na kuuacha mkanda wa shingoni ubebe jina na namba ya simu tu.

Tanzania ina sura yake katika historia hii. Mwaka 1994, virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua takribani theluthi ya simba wa Serengeti, kiasi cha simba 1,000, na macho yakaelekea kwa mbwa wa vijiji jirani. Katika kampeni za chanjo zilizofuata, hasa dhidi ya kichaa cha mbwa, mbwa aliyechanjwa amekuwa akivishwa mkanda wa muda. Kisha wahesabuji hupita vijijini na kuandika wangapi wanao na wangapi hawana. Lengo ni angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Hapa pande za nje na ndani zinatakiwa kukubaliana: mkanda unaomkera mbwa utakwanguliwa au kutafunwa kabla hajahesabiwa.

Kipimo wanachotumia madaktari wa mifugo ni rahisi. Mkanda ukishafungwa, vidole viwili vilale bapa kati yake na shingo bila kulazimishwa, nao usiweze kuvuka masikio ukivutwa mbele. Ukingo uwe laini, bizimu lisiguse koo, na manyoya yafunuliwe mara kwa mara kutafuta wekundu au unyevu. Hatari kubwa iko kwa mtoto wa mbwa aliyefungwa kamba ya katani na kusahauliwa: yeye anakua, kamba haikui, na katika wiki chache huanza kuzama ndani ya nyama hadi daktari alazimike kuikata. Shingo yake hupimwa upya kila wiki, na mkanda wenye matundu mengi humfaa mpaka atakapoacha kukua.