Meli ya Reli: Nani Aliifufua Liemba, na kwa Nini?

Kasulu mjini hakuna stesheni ya treni. Kibondo nako hakuna. Mtu wa huko akitaka treni hushuka mpaka Kigoma au Uvinza. Enzi za ukoloni vijana wa Buha walishuka hivyohivyo, wengi kwa miguu, wakapande gari moshi wakielekea mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliitwa manamba. Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba chombo cha reli kilichowagusa sana watu wa nyanda hizi hakina magurudumu, wala hakijawahi kupita juu ya mataruma isipokuwa kikiwa vipande ndani ya masanduku.

Ni MV Liemba. Najua utasema, "Aah, hiyo si meli?" Ni meli, ndiyo. Lakini kwa miongo mingi ilikuwa mali ya reli kama behewa lolote: kwanza ya Reli ya Tanganyika, kisha ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 ikawa ya TRC. Huduma za meli zilitengwa na reli mwishoni mwa miaka ya 1990 tu. Aliyepanga ratiba ya Liemba alikuwa mtu wa reli, na ratiba yenyewe ilipangwa ili abiria wa treni ya Dar es Salaam wasikwame Kigoma.

Nimeichagua kwa sababu ya swali linaloulizwa sana na wapenzi wa vyombo vya kale: mbona kwetu hatuoni watu wa kujitolea wanaofufua treni kuukuu? Wenzetu Uingereza wana utamaduni huo tangu mwaka 1951, pale wapenzi wa reli walipoichukua njia ndogo ya Talyllyn huko Wales wakaanza kuiendesha wenyewe bila mshahara. Leo wapo maelfu, wengi wastaafu, wanaomaliza Jumamosi zao wakikwangua kutu kwenye boila. Jirani zetu Nairobi wana Makumbusho ya Reli tangu 1971, na humo yumo injini namba 5918, Mount Gelai, jitu la mvuke la zaidi ya tani 250 lililopewa jina la mlima wetu wa karibu na Ziwa Natron. Ilishastaafu, kisha ikarudishwa kwenye hali ya kutembea. Sisi je?

Jibu langu ni kwamba sisi pia tumefufua, tena zaidi ya mara moja, ila si kwa mapenzi ya Jumamosi. Twende taratibu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Ni kama kilomita 1,250. Wakati huohuo, huko Papenburg kaskazini mwa Ujerumani, kiwanda cha Meyer kilikuwa kimeunda meli ya urefu wa mita 71 hivi iliyoitwa Graf Goetzen. Iliundwa, ikafumuliwa tena, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, halafu ikapandishwa treni. Ebu fikiria: kila bamba na kila bomba lina alama yake, na sanduku moja likipotea pale Morogoro, mafundi wa Kigoma wamekwama.

Mafundi watatu walitoka kiwandani kuja kuiunga upya: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao utayakuta katika kila simulizi ya meli hii. Waliopiga ribiti walikuwa mafundi wa Kihindi, na walionyanyua, kubeba, kushikilia na kupuliza moto walikuwa vibarua wa Kiafrika, wengi kuliko wote. Hao simulizi huwataja kwa jumla tu, "wenyeji". Na tusidanganyane kwamba walijitolea. Katika koloni lile, kazi ya kibarua mara nyingi ilikuwa njia ya kupata hela ya kodi, na ukikosa kodi unajua kitakachofuata. Meli iliingia majini Februari 1915, vita vikiwa vimeshawaka.

Habari za vita nitazipita haraka, maana wengine wameziandika mpaka zikageuka filamu. Kilichonivutia ni Julai 1916. Wabelgiji wanaikaribia Kigoma, Wajerumani wanaondoka, na amri imetoka: izamisheni. Mafundi walewale walioiunga wakaambiwa wauzamishe mkono wao wenyewe. Waliizamisha, lakini kwa namna ya mtu anayefunga nyumba akitarajia kurudi. Walizipaka mashine grisi nene, wakaijaza meli mchanga, wakailaza taratibu tarehe 26 Julai kusini mwa Kigoma, karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Hapa ndipo sayansi inapoingia. Chuma hakipati kutu kwa maji peke yake. Kinahitaji maji na oksijeni kwa pamoja, na chumvi ikiwepo kazi huenda kasi zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha chaji za umeme kwa urahisi kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Grisi huvizuia vyote viwili visiguse chuma. Mchanga na tope navyo hupunguza maji mapya yenye oksijeni yasizunguke. Tena Ziwa Tanganyika, ingawa lina madini kuliko maziwa mengi, lina chini ya gramu moja ya chumvi kwa lita. Bahari ina kama 35. Ongeza hili: walichagua maji ya kina kifupi, ilhali ziwa hilo lina sehemu zinazozidi mita 1,400. Wangetaka meli ipotee kabisa, isingewachukua hata saa nyingi.

Na mahali penyewe pana maana kwa watu wa Kasulu na Kibondo. Malagarasi huanzia mpakani na Burundi, huzunguka nyanda hizi, hupokea Ruchugi inayotoka Kasulu, kisha hugeukia ziwani. Maji ya mvua ya huko juu, pamoja na udongo wake mwekundu, huishia pale ilipolazwa Graf Goetzen.

Wabelgiji waliinyanyua kwanza, wakaivuta mpaka Kigoma, halafu dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakajaribu baadaye na kufanikiwa Machi 1924. Walipofungua chumba cha mashine wakakuta injini na boila bado zinafaa. Karibu miaka minane tangu izamishwe mara ya kwanza! Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini.

Sasa jiulize kwa nini serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na tabia ya kumwaga fedha Kigoma, ilihangaika na chuma kilichozama mara mbili. Kwa sababu kununua nyingine kulimaanisha kurudia habari yote ya masanduku. Reli bila meli ilikuwa inaishia ukutani: mzigo wa Kongo na wa kusini mwa ziwa ungebaki ng'ambo. Ufufuaji ule ulikuwa hesabu tupu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoondoa mvuke. Miaka ya 1970 mtambo wa mvuke uling'olewa na injini za dizeli zikafungwa, na mwaka 1993 meli ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa. Mpenzi wa vyombo vya kale akisikia hivyo hushika kichwa, maana mashine ile iliyolindwa kwa grisi, ikavumilia tope la Malagarasi, ndiyo iliyokuwa historia yenyewe. Namwelewa. Lakini mama wa Kasanga mwenye magunia ya dagaa hakuwa anasafiri na historia, alikuwa anawahi soko. Mimi nadhani walioondoa boila walifanya sawa. Nadhani pia walipaswa kuipa mashine ile kibanda pale bandarini.

Mei 2015 ndipo hesabu hiyo ilipofika Kasulu. Vurugu za Burundi ziliwamwaga maelfu kwa maelfu ya watu Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichobanwa kati ya milima na ziwa, hakina barabara ya kupitisha basi. Chakula kidogo, vyoo hakuna, kipindupindu kikazuka na kuua watu kadhaa ndani ya wiki chache. Njia ya kutoka ilikuwa maji. Liemba, ikiwa na umri wa miaka mia moja tangu iingie ziwani, ilikodiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na kwenda Kagunga mara kwa mara, ikibeba mamia kwa safari mpaka Kigoma. Walipokelewa uwanja wa Lake Tanganyika, wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu, Kasulu. Nyarugusu ilipofurika, kambi ya Nduta kule Kibondo ikafunguliwa upya mwishoni mwa mwaka huo. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1997 Liemba iliwarudisha kwao makumi ya maelfu ya Wakongo baada ya Mobutu kuanguka.

Kwa hiyo wapo watoto Kasulu na Kibondo leo ambao mama zao waliivuka hatari ndani ya bodi iliyoungwa na mafundi na vibarua wa mwaka 1914. Chombo cha makumbusho kisingeweza kuwafuata.

Tofauti na wenzetu ni hiyo. Wao hukifufua chombo kikishastaafu. Kwetu hakistaafu, kwa sababu mbadala haujafika. Kwa hiyo hata vipuri vya zamani haviwekwi kando: vinachukuliwa, vinayeyushwa, vinauzwa vyuma chakavu. Mambo yanakaribia kubadilika, maana mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Reli hiyo ikifika, mabehewa ya njia ya mita moja kwa mara ya kwanza yatakuwa na ruhusa ya kustaafu. Liemba nayo ilisimama kufanya kazi mwaka 2018 na ukarabati wake ukaja kuanza upya.

Hapo ndipo watu wa kujitolea watahitajika, na sidhani kazi yao ya kwanza itakuwa kukwangua kutu. Kutu ina subira, kama ulivyoona, wazee hawana. Ukiwa Kasulu, Kibondo au Kigoma na una babu aliyefanya kazi reli au melini, nenda na simu yako, rekodi sauti. Usianze na "tuambie historia". Muulize spana ya boila waliiitaje, nani alimfundisha kusikiliza injini inayotaka kuharibika, na ribiti iliyolegea waliitambuaje kwa kuigonga nyundo. Muulize na majina ya wenzake wa zamu, yote anayoyakumbuka, na uyaandike kwa herufi sahihi.